Mstari Mwekundu Hauna Masikio

Nyanya yangu ni mzaliwa wa Mombasa na husema Kimvita. Mwaka jana nilimrekodi akisimulia habari za nyumba ya baba yao, kisha nikaipa programu sauti hiyo iinukuu. Dakika 40 za mazungumzo zilirudi zimeandikwa kabla chai yangu haijapoa. Kazi ilianza kwenye kusahihisha.

Nilianza na kikagua tahajia. Hiki hutafuta neno lisilokuwamo katika kamusi yake. Lakini mashine ya kunukuu haikosei kama mtu anayechapa. Ikikosea, mara nyingi huandika neno jingine ambalo tahajia yake ni sahihi kabisa. Nyanya aliposema "ndia", yaani njia, neno lake halali lilipigiwa mstari mwekundu. Aliposema "ndoo", yaani njoo, kikagua kilinyamaza, kwa kuwa kinajua ndoo ya maji.

Zana ya pili ni akili mnemba, ambayo huombwa inyooshe maandishi. Hiyo haisikilizi chochote. Inasoma maneno na kukisia yepi yanazoeleka zaidi. Nyanya alisema dada yake alimtazama "akateka", yaani akacheka. Maandishi yaliyonyooshwa yakasema alimtazama "akatekwa". Sarufi safi, na dada mtu ametekwa nyara.

Makisio hutokana na kile mashine ilicholishwa. Whisper, modeli ya OpenAI iliyotolewa mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Katika hizo, lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana takribani saa 117,000 za kunukuliwa. Kiswahili kimo humo, kikigombea nafasi, na lahaja zake nyuma yake.

Ila kosa lililonitisha halikuwa la lahaja. Nilisoma: "Baba alipokufa, kaka akampa sehemu yake." Nikapita. Siku ya pili nilisikiliza: "hakumpa." Ubora wa mashine hizi hupimwa kwa kuhesabu maneno yaliyokosewa, na kila neno lina uzito mmoja. Hapo lilikosewa neno moja tu. Lakini kukanusha kwetu hukaa kichwani mwa kitenzi, katika pumzi ya h na irabu moja. Kwa sababu ya "hakumpa" hiyo, nyumba mbili za ukoo wetu hazizikani hadi leo.

Kilichonifaa ni zana isiyo na makuu: kihariri kinachounganisha kila neno na sekunde yake. Ukibofya neno, unasikia sauti. Kinapaka rangi maneno ambayo mashine ina shaka nayo, na hilo husaidia, ingawa "akampa" halikupakwa rangi. Mashine ilikuwa na uhakika. Kina kasoro ya kuchosha: dakika zile 40 zilinila siku 4. Lakini hakinichagulii neno. Kinanirudisha kwa msemaji, na kwa kazi ya kuhifadhi maneno ya watu, hicho ndicho ningempa mwenzangu.

Nilipomaliza nilimsomea Nyanya yote. Alinyamaza hata pale pa kaka. Alinikatiza mara moja tu.

"Mimi sisemi njia, mwanangu. Nasema ndia."

Lile neno lilikuwa limenukuliwa sawasawa tangu mwanzo. Nililibadilisha mimi.