Fani na Maudhui ya Sandwichi

Kwa miaka mingi tulifundishwa, na sisi tukafundisha, kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui, na kwamba vitu hivyo viwili havitenganishwi. Wanafunzi waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari, wakayarudisha kwenye mtihani, wakayasahau. Laiti wakati ule ningekuwa na ruhusa ya kuingia darasani na mkate na kisu, nadhani wasingeyasahau. Katika sandwichi mkate ndio fani na kilichomo ndani ndiyo maudhui, na sijapata kuona mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kimoja kinavyoweza kumwangusha mwenzake.

Wako watakaosema kuwa sandwichi haistahili uhakiki. Nawaelewa. Kwetu mkate haujahesabiwa kuwa chakula. Mtu aliyekula boflo zima na mayai mawili, ukimwuliza kama amekula, atakujibu kuwa hajala, amekunywa chai tu. Chakula ni ugali au wali, au ndizi kwa wenyewe wa Bukoba na Moshi. Mkate ni kitafunwa, kitu cha kusindikizia chai. Ndiyo maana wazee wetu walitufundisha kusonga ugali na kuunga mchuzi, lakini hakuna aliyekalishwa jikoni akafundishwa kutengeneza sandwichi. Na kitu ambacho hakikufundishwa hakina wa kukikosoa. Tunakula sandwichi mbaya na tunanyamaza, kwa kuwa hata hivyo tunajua kuwa chakula chenyewe kinakuja baadaye.

Chukua ile ya semina. Kila aliyepata kuhudhuria semina katika hoteli ya mjini anaifahamu. Ni slesi mbili nyeupe zilizokatwa kingo zote nne, ndani mna tango lililochongwa jembamba kama karatasi, na mpako wa siagi ambao ni wa kusimuliwa zaidi kuliko wa kuonekana. Hukatwa pembetatu na kupangwa kwenye sahani chini ya feni tangu saa mbili asubuhi. Saa nne na nusu, wakati wa mapumziko, slesi ya juu imekauka na kujikunja, na ya chini imelowa maji ya tango. Mshiriki anachukua nne, kwa sababu moja haimfikishi popote, halafu anasimama na kikombe mkono mwingine akitafuta mahali pa kuweka sahani.

Nisichokielewa kabisa ni kule kukata kingo. Sisi ni watu wa ukoko. Nani katika sisi hakugombania ukoko wa wali utotoni? Nyumbani kwetu uligawiwa kwa zamu, na aliyeruka zamu alisutwa wiki nzima. Iweje basi watu hao hao, wakishavaa tai, wakubali ukoko wa mkate utupwe? Ganda la mkate ndilo lililopata moto wa kutosha, ndilo lenye rangi na ladha, na ndilo linalozuia vilivyomo visimwagike mapajani. Desturi ya kulikata tuliipata pamoja na chai ya alasiri ya Kiingereza. Kule sandwichi ndogo isiyo na ganda ilikuwa ya watu ambao walikwisha kula mchana na wangekula tena usiku. Ilitakiwa ipite mdomoni bila kumsumbua mtu katikati ya mazungumzo. Mshiriki aliyepanda basi Handeni alfajiri ili awahi semina hana shida hiyo. Yeye anataka kutafuna.

Adui wa sandwichi ni maji. Asilimia kubwa ya sandwichi mbaya nilizokula ziliharibiwa na nyanya, si kwa sababu nyanya ni mbaya, bali kwa sababu mtengenezaji aliichukulia kama pambo. Nyanya ni mchuzi unaosubiri. Ukiikata na kuiweka juu ya mkate mtupu, ukatia chumvi, baada ya nusu saa umepata uji. Wahindi wa Durban walilikabili tatizo hilo kwa ushujaa zaidi yetu: waliuchimba mkate katikati wakaujaza mchuzi wenyewe, na ule utumbo wa mkate uliotolewa ukawa wa kuchovyea. Hapo fani imekubali kabisa kuwa maudhui yake ni majimaji. Sisi tunataka mkate mkavu na nyanya mbichi kwa wakati mmoja, kisha tunashangaa.

Mimi natumia boflo la asubuhi hiyo hiyo. Sina imani na mkate uliolala kwenye jokofu, maana baridi ile huufanya ukakamae upesi kuliko ukiachwa kabatini. Anayeogopa ukungu na aumalize. Ninalipasua kwa urefu, ninalaza pande za ndani kwenye kikaango kikavu kwa dakika moja mpaka zishike rangi, halafu ninapaka mafuta hadi ukingoni. Mafuta hayo si ya ladha peke yake, ni kinga: maji hayapenyi kwa urahisi penye siagi. Wakati wa maparachichi naacha siagi, naponda parachichi na ndimu na pilipili, na sioni nilichopoteza. Vitunguu navisugua chumvi na kuvikamua kama vya kachumbari. Nyanya naitoa mbegu. Maudhui yenyewe, ninapopata, ni nguru wa kukaanga wa jana, aliyetolewa miiba kwa vidole na si kwa matumaini. Juu yake kijiko cha achari ya embe. Basi. Yai silichanganyi na samaki. Kila kimoja kina mambo yake ya kusema. Jibini sina ugomvi nayo, isipokuwa ile inayofungwa kipande kimoja kimoja, ambayo haijatofautiana sana na karatasi yake.

Msomaji ataniambia kuwa haya yote ni ya mpenda kula, na kwamba hadi hapa sijasema kwa nini nimeyatilia uzito. Sababu ni kwamba kasoro kubwa ya sandwichi haimo katika mkate wala katika kilichomo ndani. Imo katika namna inavyoliwa.

Mtu akikukuta unakula, sharti umwambie karibu. Haijalishi kama ni ndugu yako, mpangaji mwenzio, au fundi aliyekuja kuziba bomba. Naye kwa kawaida atajibu, "Ahsante, starehe," akaendelea na lake. Wapo wanaodai kuwa hiyo ni adabu tupu, na kwamba anayekaribisha hatarajii kukubaliwa. Sikubaliani nao. Neno lile lina uzito kwa sababu sinia lipo pale, lina upande ambao haujaguswa, na siku yoyote mtu anaweza kunawa mikono na kukaa. Wenye watoto wa jirani wanajua kuwa siku hiyo huja mara kwa mara. Ukiwa na ugali, hata ukiwa haba, unaweza kumkaribisha mtu na ukamaanisha. Ukiwa umeshika sandwichi uliyokwisha kuing'ata mara mbili, huwezi. Unasema karibu na mkono wako unamkanusha mdomo.

Katika shule moja niliyofundisha miaka ya mwanzo ya 1980, wakati unga wa ngano, sukari na sabuni vilipoadimika na mkate ukawa wa kupanga foleni, alikuwapo mwalimu aliyeweka mkate wake ndani ya droo. Akiona tumeinamia madaftari anafungua, anang'ata, anafunga. Tuliisikia droo, lakini hakuna aliyeinua kichwa. Siku moja mwalimu mmoja mkongwe aliingia ghafula, na yule bwana, shavu limejaa, hakuwa na la kufanya ila kusema, "Karibu, Mwalimu."

"Nikaribie wapi, Mwalimu? Kwenye meno yako?"

Tulicheka mpaka kengele ikalia. Kwa muda mrefu hadithi hiyo ilisimuliwa kama hadithi ya uchoyo, na hapo ndipo ninapoikosoa. Yule bwana hakuwa mchoyo. Mwisho wa mwezi, mishahara ilipochelewa, yeye ndiye aliyekopesha. Sikukuu akitualika kwake tulikula hadi tukashindwa kuinuka. Kilichomtia ndani ya droo ni umbo la kile chakula. Kipande kimoja cha mkate, walimu kumi na wanne, na hakuna namna ya kukinyosha kama unavyounyosha mchuzi kwa kuongeza maji. Angekuwa na sufuria ya ugali asingejificha, na sisi tusingeogopa kuinua vichwa.

Na hili halikuingia kwenye sandwichi kwa bahati mbaya. Jina lenyewe ni la John Montagu, mkabaila wa nne wa Sandwich, aliyefariki mwaka 1792. Hadithi inayopendwa, iliyoenezwa na msafiri Mfaransa Pierre-Jean Grosley aliyekuwa London mwaka 1765, ni ya mkubwa mmoja wa serikali aliyekaa kwenye meza ya kamari saa ishirini na nne bila kuinuka, akila nyama iliyobanwa kati ya vipande vya mkate. N. A. M. Rodger, aliyeandika maisha ya Montagu mwaka 1993, anaona kuwa kuna uwezekano zaidi alikuwa kwenye meza ya kazi, kwa sababu aliongoza wizara ya wanamaji na alikuwa mtu wa kushinda ofisini. Kamari au mafaili, kwangu ni mamoja. Katika hadithi zote mbili yupo mtu ambaye hataki kuinuka, hataki kunawa, na hataki kukaa na wengine kwa ajili ya kula. Chakula kilitengenezwa kifuate mkono wake mmoja. Tunapokula sandwichi mbele ya kompyuta, kama wafanyavyo vijana wetu siku hizi mjini, tunaishika kama ilivyokusudiwa kushikwa.

Lakini umbo si hukumu. Mjini Cape Town, katika mtaa wa Athlone, tangu miaka ya 1970 hutengenezwa mkate mrefu uitwao Gatsby, uliojaa chipsi, nyama au samaki, na achari, kwa kiasi ambacho mtu mmoja mwenye akili timamu hamalizi. Hukatwa vipande vinne, na watu huchanga fedha kuununua. Hiyo ni sandwichi iliyokwisha kuwa sinia. Rolex ya Uganda, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, naiheshimu kuliko sandwichi yoyote ya hoteli kwa fani yake, kwa maana chapati haitoi wala kunyonya maji ovyo; ila nayo ni ya mtu mmoja, wa kando ya barabara, mwenye haraka. Nikiwa na haraka naila na kushukuru. Siwezi kuiita bora kuliko zote.

Na hata zile pembetatu za semina, ambazo nimezitukana vya kutosha, zina jambo moja ambalo haki inanilazimisha kulitaja. Zimekatwa kabla ya kuliwa. Zipo kwenye sahani, ni nyingi, hazijaguswa na meno ya mtu. Aliyesimama karibu na sahani anaweza kumwambia aliyechelewa karibu, na yule akachukua. Mpishi aliyezikata labda alifuata picha tu, lakini amelipatia lile ambalo wenye mikate mizuri zaidi hulikosa.

Kwa hiyo tabia yangu moja ambayo nyumbani kwangu wamekwisha kuichoka ni hii: kisu kwanza. Boflo likishajazwa, hata niwe peke yangu na mlango umefungwa, nalikata katikati kabla sijalipeleka mdomoni, na nusu moja naiweka kwenye sahani ya pili, mbali na ya kwanza. Wajukuu wananiuliza nani anakuja. Nawajibu kuwa sijui. Nusu niliyoitenga haipaswi kuwa ile iliyopata miiba na vitunguu vilivyobaki, kwa hiyo najaza kwanza, nakata baadaye, ili nami nisijue ipi ni nene. Wapo waliowahi kuila: fundi umeme, mama muuza mchicha, na kijana wa kusoma mita aliyesema starehe mara mbili kisha akaitazama tena. Siku nyingi haji mtu. Basi saa kumi naila mwenyewe kwa chai ya rangi, na wakati huo, kwa kuwa achari si kama nyanya, mafuta yake yamekwisha kuingia kwenye mkate taratibu na ile nusu ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza.