Nani Fanani? Draiva ya Sauti katika Michezo ya Visa ya Kompyuta

Wahakiki wakigusia muziki wa michezo ya kompyuta, husema "muziki wa mchezo fulani" kana kwamba muziki huo ni mmoja tu, umekaa mahali unangoja kusikilizwa. Makala haya yanapinga dhana hiyo. Nitashughulikia michezo ya visa, yaani ile ambayo mchezaji humwongoza mhusika, huokota vitu, huongea na watu na kufumbua mafumbo mpaka kisa kifike mwisho. Nitajikita zaidi katika Monkey Island 2: LeChuck's Revenge ya kampuni ya LucasArts, iliyotoka mwaka 1991, kwa kuwa humo tatizo linajitokeza waziwazi. Hoja yangu ni kwamba katika michezo hii fanani wa muziki ni draiva ya sauti, na mtu anayekaa leo kuiga draiva hiyo anafanya uhakiki, apende asipende.

Draiva ni nini? Ni programu ndogo inayosimama kati ya mchezo na kadi ya sauti. Mchezo unasema: piga noti hii, kwa ala hii, kwa nguvu hii. Draiva inayachukua maagizo hayo na kuyageuza yawe lugha ambayo chipu inaielewa. Miaka ile diski zilikuwa na nafasi finyu mno, muziki uliorekodiwa usingeingia. Kilichokuwa ndani ya diski ni maagizo matupu. Sauti yenyewe ilizaliwa nyumbani kwa mchezaji, kila mara upya.

Sisi tuliosoma fasihi simulizi hatuna haja ya kushangaa. Tunajua kwamba hadithi iliyoandikwa na mtafiti si ile iliyotambwa jioni mbele ya hadhira. Sauti, kituo, kicheko, vyote vimebaki kule kule. Sasa hebu fikiria matini iliyoandikwa kwa ajili ya mafanani watatu wenye makoo tofauti kabisa. Wa kwanza ni kipaza sauti kidogo cha kompyuta yenyewe, ambacho kwa kawaida hutoa mlio mmoja tu kwa wakati mmoja. Wa pili ni kadi ya AdLib ya mwaka 1987 yenye chipu ya Yamaha YM3812, ambayo ina chaneli tisa, na kila chaneli huunda sauti kwa wimbi moja kulitikisa jingine. Wa tatu ni Roland MT-32, naye wa mwaka 1987, kisanduku cha nje chenye vipande vifupi vya sauti halisi vinavyounganishwa na mawimbi ya kutengenezwa. Huyu wa tatu alikuwa ghali, basi wengi hawakuwahi kumsikia.

Kuna wanaodai kuwa MT-32 ndiyo "asili" na AdLib ni nakala hafifu ya maskini. Sikubaliani nao hata kidogo, na ushahidi wangu unatoka ndani ya faili zenyewe. Katika michezo ya awali ya Sierra iliyotumia mfumo wa SCI, kama King's Quest IV ya mwaka 1988 yenye muziki wa William Goldstein, kila wimbo huanza na orodha ya chaneli, na kila chaneli ina alama inayoonyesha ni vifaa gani vinapaswa kuipiga. Yaani matini yenyewe inasema: hapa uimbe wewe, wewe mwingine nyamaza. LucasArts walikwenda mbali zaidi. Faili zao za sauti hubeba vifungu vyenye alama ADL, ROL na SPK, kimoja kwa AdLib, kimoja kwa Roland, kimoja kwa kipaza sauti cha kompyuta. Hapo hakuna asili na nakala. Kuna tungo tatu za kisa kimoja, na kila moja imetungwa kwa kujua koo la mwimbaji wake.

Tuje sasa kwenye Monkey Island 2. Mhusika mkuu, Guybrush Threepwood, anafika Woodtick, mji uliojengwa kwa mabaki ya merikebu zilizovunjika. Anaingia baa, anatoka. Anaingia kwa mchora ramani, anatoka. Kwa fundi seremala, hivyo hivyo. Kila chumba kina namna yake ya mahadhi yale yale ya mji. La ajabu ni kwamba muziki haukatiki. Ukifungua mlango katikati ya sentensi ya muziki, unangoja kidogo, unafika mahali panapofaa, unapita katika kiungo kifupi, kisha ala mpya zinapokea. Mfumo huu unaitwa iMUSE, nao ni kazi ya Michael Land na Peter McConnell. Land, McConnell na Clint Bajakian ndio waliotunga muziki wa mchezo huo.

Kiufundi siri yake ni hii. Ndani ya wimbo, katikati ya noti, watunzi walipandikiza ujumbe ambao hausikiki: hapa ni njia panda, ukiwa umeagizwa chumba fulani ruka uende kule. Draiva inasoma noti na huku inasoma njia panda. Isipoelewa ujumbe huo, noti zote zitapigwa sawasawa, hakuna hata moja iliyokosewa, lakini Woodtick haitakuwapo tena. Utasikia nyimbo, mji hutausikia. Ndiyo maana nasema hadhira hapa si msikilizaji wa kukaa tu. Miguu ya mchezaji ndiyo inayoamua lini fanani abadili sauti. Msomaji anayetaka mfano wa uwasilishaji unaotegemea hadhira asihangaike, huu hapa.

Basi kompyuta zile zimezeeka, kadi zimekufa, na visanduku vya Roland vilivyobaki ni vya wakusanyaji. Mwaka 2001 Ludvig Strigeus na Vincent Hamm walianzisha ScummVM, programu inayoziwezesha kompyuta mpya kuendesha michezo hii kwa kutumia faili zake za zamani. Waliojenga upande wa sauti walilazimika kuiandika upya iMUSE na kuziiga kadi zenyewe. Hapo ndipo kazi inapokuwa ya uhakiki, maana kila hatua inadai jibu la swali: ni lipi la mtunzi, ni lipi la ajali?

Chukua AdLib. Chipu ilikuwa nzito. Ukiiandikia rejista ulipaswa kungoja takribani mikrosekunde 23 kabla ya kuandika tena, na madraiva mengi yalingoja kwa kuisoma chipu mara 35 mfululizo bila sababu nyingine yoyote. Katika kompyuta zenye kasi kubwa zaidi kungoja huko hakukutosha, noti zikaanza kupotea. Kosa kama hilo mimi naona halina haja ya kuigwa. Ni la mashine, mtunzi hakuwahi kulisikia mezani kwake. Lakini ule ukali wa AdLib, ile tarumbeta yake inayolia kama bati, huo ni jambo jingine. Mtunzi aliusikia, akautungia. Mwaka 2008 Matthew Gambrell na Olli Niemitalo walichapisha matokeo ya kuzifungua chipu za familia hii na kuzitazama ndani. Walikuta majedwali mawili ya namba 256 kila moja, ya logi na ya kipeo, ambayo chipu iliyatumia ili ijumlishe badala ya kuzidisha. Kuzidisha ni gharama, kujumlisha ni rahisi. Makosa madogo ya kukadiria yanayotokana na majedwali hayo ni sehemu ya sauti. Kiigaji kinachopiga hesabu kwa usahihi wa leo kinakuwa kinasafisha tungo isiyo yake.

Wenzangu wengine watasema, "Lakini si inapendeza zaidi ikisafishwa?" Inapendeza, sawa. Hata shairi la kale ukilinyoosha mizani linapendeza, ila hapo umelihariri na unapaswa kusema hivyo. Kinachoniudhi ni kuhariri kimyakimya. Msikilizaji wa kesho hatakuwa na AdLib ya kulinganisha. Atamhukumu Michael Land kwa kazi ya mtu mwingine, ama kumsifu bure ama kumlaumu bure. Na mhakiki anayeandika kuhusu muziki wa Woodtick bila kusema ameusikia kwa draiva ipi, kwangu mimi hajaandika kitu.

Kwa MT-32 wapo waliofanya kazi hii kwa uaminifu wa kunifurahisha. Kiigaji kiitwacho Munt kinamruhusu msikilizaji kuchagua hata namna vifaa vya toleo la kwanza vilivyoipangua mpangilio wa biti za sauti kabla ya kuitoa. Dosari hiyo imehifadhiwa kwa makusudi na imepewa jina, mtu achague mwenyewe. Vifaa hivyo vya kwanza pia vilikuwa na bafa ndogo. Ukituma maagizo haraka mno, vilishindwa kuyapokea. ScummVM inapozungumza na MT-32 halisi huweka vituo kati ya maagizo ili kisanduku kipumue.

Linabaki tatizo ambalo msimbo mzuri peke yake hauwezi kulitatua. Vile vipande vifupi vya sauti halisi vimo ndani ya ROM ya MT-32, na ROM hiyo ina hakimiliki. Munt haigawi ROM. Mtumiaji aitafute mwenyewe. Fanani ameshajifunza kila ishara, kila kituo, hata kikohozi cha mzee wake, lakini koo lenyewe lina mwenyewe. ScummVM isipoipata ROM hiyo, MT-32 haiimbi, na wasikilizaji wengi huishia kumsikiliza AdLib, yule aliyeitwa wa maskini.