Nyumba Bora na Dungu la Kilombero

Hukumu juu ya nyumba hutolewa kwanza na lugha, kisha na fundi. Katika Kiswahili cha Tanzania bara hukumu hiyo imefungwa ndani ya maneno mawili: nyumba bora. Ayasikiaye hayo haulizi nyumba hiyo hufanya kazi gani. Huona mara moja moyoni mwake ukuta wa tofali, sakafu ya saruji na paa la bati. Nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa kwa nyasi, huitwa kibanda, hata ikiwa imelea vizazi. Bonde la Kilombero, toka Kidatu mpaka Ifakara, ni mahali pafaapo kuyapimia maneno hayo, maana huko mabadiliko ya nyumba yalikuja upesi, na sababu zake zajulikana.

Nyumba ya zamani ya Wapogoro, Wandamba na Wambunga ilijengwa kwa vitu vilivyotolewa na bonde lenyewe: nguzo na fito za msituni, matete na nyasi za mbugani, na udongo uliochimbwa palepale uani. Mbali na nyumba ya kijijini lilikuwako dungu, nalo lingaliko hata leo: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katika shamba la mpunga, ambamo jamaa nzima huweza kukaa msimu wa kilimo, maji yakiwa chini yao na ndege wa kufukuzwa mbele yao.

Kisha yakaja mambo manne mfululizo. Reli ya kutoka Kilosa ilifika Kidatu katika miaka ya 1960, na miaka hiyohiyo kampuni ya sukari ya Kilombero ikaanza kazi. Bwawa la Kidatu likaanza kutoa umeme mwaka 1975, na mwaka 1976 reli ya TAZARA ikafunguliwa. Kazi hizo zilileta watu wa mshahara, na pamoja nao nyumba za safu moja, zote za kimo kimoja. Kuhamia vijijini, baina ya 1973 na 1976, kulizipanga nyumba za wakulima kwa mistari vilevile. Tena mwaka 1992 milima ya Udzungwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na miti iliyo juu ya Kidatu ikawa si ya kukatwa. Basi aliyeacha nguzo na fito hakuziacha kwa kiburi tu. Pengine ni fito zilizomwacha yeye.

Juu ya mabadiliko haya wapo wahakiki wa namna mbili, na wote wawili hukosea kwa njia moja. Wa kwanza huililia nyumba ya udongo kama anayelilia ujana wake. Wa pili huisifu bati kama kwamba bati ndiyo maendeleo yenyewe. Mwalimu Julius Nyerere aliwakemea hawa wa pili mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha: alisikitika kuona watu wakikataa tofali za kuchoma na vigae vya kutengenezwa nyumbani, wakingojea bati na saruji, na akaiona hali hiyo kuwa ugonjwa wa fikira. Kemeo lake lilikuwa la haki kwa upande wa gharama. Walakini lilibaki katika swali la vifaa, wala halikufika kwenye swali la usingizi.

Usingizi wa Kilombero una adui wake, naye ni mbu. Wachunguzi wa Ifakara, ambako maabara ya utafiti iliasisiwa na Waswisi mwaka 1957, wameeleza waziwazi kuwa mbu wa malaria hupenda kuingia kwa upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Upenyo huohuo ndio uliotoa moshi na kuingiza hewa katika nyumba ya zamani. Anayelilia nyumba ya udongo yampasa alikubali jambo hili. Lakini anayesifu bati naye yampasa akubali kuwa nyumba iliyozibwa pande zote, chini ya bati la mchana kutwa, huwa tanuri wakati wa magharibi. Wenyewe hukimbilia nje wapate hewa, na huko mbu huwakuta.

Kisiwa cha Bali, katika Indonesia, kimelijaribu swali hili kwa namna yake. Huko, kwa mapokeo, vipimo vya nyumba hutwaliwa katika mwili wa mwenye nyumba: mkono wake, unyayo wake. Hoteli ya ghorofa kumi ilipofunguliwa Sanur mwaka 1966, watu walishtuka, na baadaye ikaamriwa majengo yasizidi meta 15, kiasi cha kimo cha mnazi. Kimo kikalindwa, saruji ikaingia chini ya kimo hicho. Funzo lake ni kuwa mapokeo hayakai katika kifaa wala katika sura peke yake, bali katika kipimo: nyumba imepimwa kwa nani, na kwa haja gani?

Dungu nalo lina kipimo, ambacho ni maji ya masika. Hapana haja ya kulipamba: mara nyingi huwa mbali na zahanati, na alalaye humo bila chandarua hujihatarisha. Lakini wazo lake ni zito. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, zilijengwa nyumba sita za majaribio zilizofuata mifano ya Asia ya Kusini-Mashariki, zenye kuta za kupitisha hewa, nyingine zikiwa na vyumba vya kulala juu. Taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kuwa zilikuwa na ubaridi zaidi, na kwamba mbu walipungua, hasa katika zile za ghorofa. Wazo la kulala juu, penye hewa, lilifuatwa ng'ambo ya bahari, na hali Kilombero lilikuwa likisimama shambani kila mwaka, likiitwa kibanda cha kulindia ndege.

Kosa hapa si la wajenzi wa Magoda, ambao kazi yao yastahili sifa. Kosa ni la neno bora, lililozoea kutazama kifaa na kufumbia macho kazi. Maadamu neno hilo linaendelea kutumika bila kuulizwa, mkulima wa Kilombero atajenga chumba cha joto kwa fedha ya mavuno kadhaa, naye ataambiwa kuwa ameendelea. Mwanafunzi wa lugha hawezi kumpa tofali wala nyavu za madirisha. Aweza, hata hivyo, kulirudisha swali lililopotea: bora kwa usingizi wa nani, na katika msimu upi?