Mwenyeji wa Mji ni Nani? Uhakiki wa Kitabu cha Abdul Hamid el-Zein juu ya Lamu

 

Kila unapotajwa mji wa Lamu, hazipiti dakika nyingi ila huulizwa nani ni mwenyewe na nani amekuja. Swali hili ni la zamani. Miongoni mwa vitabu vilivyolishughulikia kwa urefu ni The Sacred Meadows cha Abdul Hamid el-Zein, kilichotoka mwaka 1974. Jina hilo lina maana ya bustani takatifu, na makusudio yake ni Riyadha, msikiti na chuo kinachojulikana pwani nzima. Wanafunzi wetu hukikuta kitabu hiki vyuo vikuu, na wengi hukipokea kama neno la mwisho kuhusu dini ya watu wa Lamu. Kwa hiyo inafaa kukipima, tuchukue kilicho sahihi na turudishe kisicho sahihi.

Kitabu kinasema nini

El-Zein alikaa Lamu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuandika kwa kusikia tu, na alikijua Kiarabu. Kwa maelezo yake, Lamu ya zamani ilikuwa mikononi mwa waungwana wa Mkomani, wenye majumba ya mawe, mashamba na biashara. Chini yao walikuwa watumwa. Kisha wakaja masharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl, na mbele yao Habib Swaleh kutoka Ngazija, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliijenga Riyadha upande wa Langoni na akawafungulia mlango wa elimu watu waliokuwa hawahesabiwi. Alifariki katika miaka ya 1930.

Mwandishi anavichukua visa vya kuumbwa kwa Adam (a.s.), sherehe za Maulidi na ada za mji, na kuvisoma kama lugha ambayo kila kundi linaitumia kutetea cheo chake.

Kwanza tumpe haki yake. Ameandika jambo ambalo wengi wetu tulipenda lisitajwe: kwamba katika mji uliojaa misikiti, walikuwapo Waislamu waliozuiliwa kukaa kwenye darsa kwa sababu ya asili yao. Peter Lienhardt aliligusia jambo hilo mwaka 1959 katika makala yake kuhusu chuo cha Lamu, lakini el-Zein alilichimba zaidi. Mwenye kukasirika kwa kuwa limesemwa na ajiulize kwanza kama ni uongo.

Upungufu wa kwanza: kipimo cha ugeni

Kitabu kinajenga hoja yake juu ya wenyeji na wageni kana kwamba mpaka baina yao uko wazi. Historia haikubali hivyo. Ukoo wa Jamal al-Layl ulikwishafika Pate kutoka Hadhramaut, na ni kutoka huko tawi lake lilikwenda Ngazija. Basi Habib Swaleh alipokuja Lamu alikuwa anarudi kwenye visiwa walivyopita wazee wake. Isitoshe, alisoma kwa maulamaa wa hapo hapo Lamu, akiwamo Mwenye Mansab. Mtu aliyefunzwa na wanazuoni wa mji tutamwitaje mgeni katika elimu ya mji huo?

Na waungwana nao? Nyumba nyingi zao zilijifakhiri kwa asili ya Uarabuni. Maana yake, ubishi haukuwa baina ya aliyekuja na asiyekuja, bali baina ya aliyekuja mapema na aliyechelewa. Tena si kweli kwamba heshima ya visiwa hivi yote ilishuka kutoka majahazini. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, umeonyesha msikiti uliojengwa na kujengwa tena mahali pale pale tangu karne ya 8, katika mji uliokua kwa watu wa pwani yenyewe.

Upungufu wa pili: dini kufanywa vazi la cheo

Hili ni kubwa zaidi. El-Zein anapokwisha kueleza kila kundi linachoamini, dini kwake haibaki na neno lake lenyewe. Mwaka 1977 aliandika makala mashuhuri akafika mbali zaidi, akakataa kwamba upo Uislamu mmoja ambao mtafiti anaweza kuushika, na kusema kuna Uislamu wa watu hawa na Uislamu wa wale.

Tunamuuliza: ikiwa ni hivyo, Habib Swaleh alishinda kwa nini? Muungwana aliyemzuia mtumwa asisome na mwalimu aliyemfundisha walikuwa na msahafu mmoja na madhehebu moja ya Imamu Shafi (Mwenyezi Mungu amrehemu). Walifungua vitabu vile vile vya fiqhi. Lau kila mmoja angekuwa na dini yake, kila mmoja angebaki na yake na mji ungegawika mpaka leo. Mwenye kuzuia alishindwa kwa sababu alikiri hakimu yule yule aliyekiriwa na mwenziwe, na hakimu huyo hakumpa dalili. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufunza kwamba makabila yamewekwa ili tujuane, na kwamba mbora ni mchamungu zaidi. Aya hiyo ilikuwa ikisomwa Mkomani na ikisomwa Langoni.

Upungufu wa tatu: kufu

Msomaji wa kitabu hiki anaweza kudhani kwamba masharifu waliuondoa ubaguzi wa nasabu. Kusema kweli, swali lilihama tu. Katika madhehebu yetu nasabu imo katika kufu za ndoa, pamoja na uhuru, dini, kazi na kusalimika na aibu. Waungwana waliitumia hukumu hii kujifungia, na masharifu nao wakawa na ukali wao kwa binti zao. Mwaka 1905 ndoa ya sharifa na Mwislamu wa Kihindi huko Singapore ilizua ubishi uliowagawa Wahadhrami kila walikokaa. Rashid Rida aliihalalisha katika jarida lake la al-Manar, na Sayyid Umar al-Attas akapinga.

Linalosahauliwa ni kwamba kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, na wakiridhia kuiacha ndoa ni sahihi. Ni kinga aliyopewa binti asiozwe asipotaka, wala si ukuta wa kugawia mji mitaa ya watu bora na watu duni.

Fiqhi inamjuaje mwenyeji?

Maimamu wanaijua vizuri mas-ala ya watu arubaini wa Ijumaa, lakini ni mara chache tunaitazama kwa jicho hili. Wanazuoni wa Kishafi wamewagawa watu waliomo mjini mafungu matatu. Kuna msafiri, ambaye Ijumaa haimlazimu. Kuna mukimu, aliyenuia kukaa siku nne au zaidi, lakini ana nia ya kurudi kwao. Huyu Ijumaa inamlazimu ila hahesabiwi katika arubaini. Na kuna mustautini, aliyeufanya mji kuwa makazi yake, hauhami kiangazi wala masika isipokuwa kwa haja. Huyu ndiye anayehesabiwa.

Hapana katika sharti hizo swali la babu alizaliwa wapi. Kijana wa mji wa mbali anayesoma Riyadha miaka saba na nia yake ni kurejea kwao ni mukimu. Mtu aliyehamia mwaka jana na watoto wake, akakata shauri kwamba hapo ndipo atakapozikwa, ni mustautini, na sala ya Ijumaa ya mji mzima huweza kutimia kwa yeye kuwa mtu wa arubaini.

Sharti jingine ni uhuru. Utumwa ulipofutwa Kenya mwaka 1907, mabwana wengi wa pwani walishikilia kwamba uhuru wa serikali si uhuru wa sheria. Ubishi huo haukuwa wa karatasi tu, kwa maana ulimgusa mtu kwenye safu ya sala, kwenye ndoa na kwenye mirathi. El-Zein ameuona uchungu wa watu hawa, lakini hakuingia katika hukumu hizi, na bila hizo nusu ya kisa haisomeki.

Kipimo hiki na Lamu ya leo

Yafuatayo hayamo kitabuni, lakini ndiyo yanayotufanya tukisome tena. Baada ya vita vya shifta vya miaka ya 1960, Wabajuni wengi walikimbia mashamba yao ya bara wakahamia visiwani. Katika miaka ya 1970 serikali ilifungua makazi ya Mpeketoni kwa wakulima kutoka sehemu nyingine za Kenya. Mwaka 2012 ulizinduliwa mradi wa bandari na barabara wa LAPSSET, na gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Kila hatua imeleta watu, na kila hatua imerudisha lile swali la mwenyeji na mgeni.

Watu wa Lamu wana dai la haki, lakini mara nyingi hulidai kwa hoja dhaifu. Wakisema, "sisi ndio wenye asili," wamechukua hoja ile ile ya Mkomani dhidi ya Langoni. Aliyezaliwa Mpeketoni na kukulia hapo hana kwao kwingine, na kwa kipimo cha ukaazi ni mtu wa Lamu. Mauaji ya Juni 2014 huko Mpeketoni ni dhulma isiyo na udhuru, na mwenye kuyapamba kwa jina la dini ameizulia dini.

Dai lenye nguvu ni la mali. Wanazuoni wetu wanasema ardhi mfu ni ya mwenye kuihuisha, lakini shamba lililowahi kulimwa si ardhi mfu hata likiota mwitu; ni la mwenyewe. Asipojulikana, ni mali iliyopotea, iliyo amana mikononi mwa mtawala. Basi shamba la aliyekimbia bunduki halikugeuka pori huru. Kadhalika mji una harimu yake, yaani malisho, njia na mahali pa maslaha ya watu, na hapa hapahuishwi na mtu kwa nafsi yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walioathiriwa na bandari walipwe shilingi bilioni 1.76. Wavuvi hao hawakushinda kwa kutaja nasabu zao. Walishinda kwa kuonyesha riziki iliyoharibiwa.

Mfano wetu ni Madina. Suratul Hashr, aya ya 9, inawasifu Ansari kwa kuwapenda waliohamia kwao na kuwatanguliza mbele ya nafsi zao. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Muhajirina, walipopata wasaa baada ya Khaibar, waliwarudishia Ansari mitende waliyokuwa wamepewa watumie matunda yake. Mwenyeji hakumwita mwenziwe mvamizi, na mgeni hakuugeuza ukarimu kuwa hati ya kumiliki.

Hitimisho

Kitabu cha el-Zein kisomwe, na kisomwe pamoja na vitabu vya fiqhi ambavyo watu anaowaeleza walikuwa wakivisomesha. Kupenda kwenu si dhambi, Mtume (s.a.w.) alihuzunika kuiacha Makka. Lakini yale maneno yanayonukuliwa sana, kwamba kupenda nchi ni katika imani, wanazuoni wa hadithi wameyahesabu kuwa hayana asili. Khatibu anayewapandisha watu hamasa kwa maneno hayo, huku hajawafunza hukumu ya unyang'anyi wa ardhi wala haki ya jirani aliyehamia, amewaacha mikono mitupu mbele ya hakimu na mbele ya Mola wao.

Wallahu aalam.