Neno "Savana" katika Mchezo wa Stellaris

Mchezo wa kompyuta uitwao Stellaris, uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Sweden mwaka 2016, hugawa sayari za kawaida zikalikazo katika aina tisa, na aina hizo katika makundi matatu: kavu, zenye unyevu na za baridi. Jambo moja nalisifu: ubora wa sayari hupimwa kwa kiumbe atakayeikaa. Jangwa limfaalo huyu humtesa yule.

Lakini sayari nzima hupewa jina moja, na hapo ndipo penye udhaifu. "Savana" ni neno la atazamaye kwa mbali. Mkulima wa Ipililo, mkoani Simiyu, ashukapo mteremko mmoja hukanyaga luseni, udongo wa kichanga ufaao mihogo na karanga. Kisha itogolo, udongo mgumu wa majaluba ya mpunga. Na bondeni mbuga, udongo mweusi unatao wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, aliupa mfuatano wa namna hii jina la katena, yaani mnyororo, mwaka 1935. Wasukuma walikwisha kukipa kila kiungo jina lake.

Basi mfasiri wa mchezo huu aandike nini? Akiandika "mbuga", msomaji wa pwani ataona uwanda wa nyasi na wanyama. Msukuma ataona tope la bondeni. Mimi ningeliacha "savana" vivyo hivyo, ugeni wake uonekane.