Picha Ilipokatwa

Viraka vilipangwa sawasawa, robo inchi ya mshono ikaheshimiwa, pembe za nyota zikakutana bila kusukumana. Hapo hakuna cha kubisha. Kosa lilikuja baadaye, na kwa waliozoea kutazama mafunzo ya video ya kushona mifarishi, halihitaji maelezo marefu. Uso wa viraka unakunjwa, mwalimu anasema ataupeleka kwa mwenye mashine ya mkono mrefu, picha inakatwa, na mfarishi unarudi umekwisha kudariziwa mawimbi yaleyale kutoka ukingo hadi ukingo. Sekunde moja imemeza kazi nzima. Kisha tunahamia kwenye pindo, na pindo, ajabu, linaonyeshwa sindano kwa sindano.

Uamuzi ule ni mbaya, na ubaya wake unaonekana kwenye kitambaa chenyewe. Kabla ya darizi hakuna mfarishi. Pana uso, pamba na bitana vilivyolazwa pamoja. Uzi unapopita matabaka yote matatu, mahali uliposhonwa hudidimia na mahali ulipoachwa huvimba. Kwa hiyo anayedarizi ndiye anayeamua nyota ijitokeze au izame. Shona kwa karibu kwenye mandhari, zungusha mstari mmoja kando ya mshono wa nyota, na nyota itainuka yenyewe. Mawimbi yale, yanayochorwa na kompyuta ya mashine ya mkono mrefu, hayajui nyota iko wapi. Yanapita juu yake kama yanavyopita juu ya mandhari, yote yanadidimia kwa kipimo kimoja, na saa zote zilizotumika kuchagua rangi za viraka zinalazwa chini ya mchoro uliobuniwa na mtu asiyewahi kuuona uso ule. Mtu aliyejua kwa nini kiraka hiki chekundu kimekaa pale ndiye aliyejitoa kazini wakati maarifa hayo yalipohitajika.

Na kilichopotea si umbo tu. Unapodarizi mwenyewe nyumbani, ukishusha meno ya cherehani na kufunga mguu wa kutililia, mashine haivuti tena kitambaa. Urefu wa kila mshono unatokana na mwendo wa sindano ukilinganishwa na mwendo wa mikono. Sindano ikipiga mara 800 kwa dakika, mikono ikasogeza inchi 80, utapata mishono 10 kwa inchi. Mikono ikizubaa hadi inchi 40, inakuwa 20, midogo na migumu kufumua. Hakuna namba mahali popote inayokuonyesha hayo. Sikio husikiliza mota, mguu hupunguza, viganja hufuata, na baada ya muda vitatu hivyo huacha kugombana. Raha inayosemwa na wanaodarizi wenyewe nyumbani inakaa hapo, katika mapatano hayo, na haiwezi kuagizwa nje pamoja na pamba. Mafundi wetu wanaodarizi magauni kwa cherehani ya kawaida, kitambaa kikiwa kimebanwa kwenye fremu ya mviringo, wanaijua kazi hii vizuri kuliko wengi wa walimu hao.

Walimu hao watajibu kwamba mkono wa cherehani ya nyumbani ni mfupi. Kweli, nafasi iliyopo kulia kwa sindano mara nyingi haifiki hata inchi 8. Lakini mfarishi wa upana wa inchi 80 ukianzwa katikati, kinachoviringishwa na kupitishwa chini ya mkono ule hakizidi inchi 40, na kinapungua kila mstari unaoelekea ukingoni. Ernest Haight, mkulima wa David City huko Nebraska aliyesomea uhandisi, aliliona tatizo hili kwa jicho la mhandisi. Alishona mistari ya mshazari inayofika ukingoni, ikageuka na kurudi, ili uzi ukatwe mara chache na kitambaa kigeuzwe kwa mpango. Njia yake aliichapisha katika kijitabu mwaka 1974. Alichohitaji ni kushikiza matabaka vizuri, meza pana ya kubeba uzito, na subira.

Watasema pia kwamba mwenye mashine ya mkono mrefu ni msanii. Akiiongoza kwa mkono wake, ndiyo, na jina lake liandikwe kwanza kwenye lebo, kwa kuwa darizi ni yake. Ila tusidanganywe kwamba anayedarizi nyumbani kwa mashine ni fundi wa daraja la pili. Hoja hiyo ilizikwa Paducah, Kentucky, mwaka 1989, pale Caryl Bryer Fallert alipotwaa tuzo kuu ya maonyesho ya Chama cha Mifarishi cha Marekani kwa Corona II: Solar Eclipse, mfarishi wa kwanza uliodariziwa kwa cherehani kufika hapo. Watetezi wa sindano ya mkono walinuna, na wengine bado wamenuna. Itazameni ile mistari ya miale: kila mmoja unafuata mantiki ya kiraka kilicho chini yake, kwa sababu aliyepanga rangi ndiye aliyeshika kitambaa mbele ya sindano. Mawimbi ya ukingo hadi ukingo yangeipofua kazi ile.

Sababu ya mwisho, kwamba mishono ya anayeanza haivutii kutazama, ndiyo dhaifu kuliko zote, maana watazamaji wa mafunzo hayo ni hao hao wanaoanza. Kamera ingeachwa iendelee kwa mstari mmoja tu, ule wa kwanza wa katikati, ambapo mishono hubanana kama punje za ulezi kwa sababu mikono bado inaogopa, halafu, karibu na kiraka cha tatu, inaanza kulingana.