Faili Linaloitwa gradlew

Kila anayetengeneza programu za Android, awe Nairobi, Dar es Salaam au Berlin, huenda analo faili linaloitwa gradlew ndani ya mradi wake. Hulitumia mara kadhaa kwa siku bila kulifungua hata mara moja. Kazi yake ni kuitafuta Java ilipo, kuandaa amri, kisha kuiwasha Gradle, ambayo ndiyo hujenga programu yenyewe. Kando yake yupo pacha wake wa Windows, gradlew.bat.

Mimi nililifungua kwa sababu nilikuwa nimekwama. Skripti yangu, nayo faili la amri kama gradlew, ilikuwa ikienda vizuri kwenye Linux. Nikampa mwenzangu mwenye Mac, ikamgomea. Kosa lilikuwa kwenye sed -i, amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili. Sed ya Linux huridhika na -i peke yake. Ile ya Mac hudai ufuatishe kiambishi cha kutajia nakala ya akiba, hata kama ni kitupu, na usipokiweka hulichukua neno linalofuata na kulifanya ndilo kiambishi. Basi nikataka kuona wanaohudumia mashine za kila aina wanaandikaje.

Sheli, ile programu inayopokea amri na kuzitekeleza, si moja. Bash ilitoka mwaka 1989. Mac ilihamia Zsh mwaka 2019. Kwenye Ubuntu, tangu 2006, anayeita sh huitikiwa na Dash, sheli nyepesi isiyojua mengi ya Bash. Hizi ni lahaja: Mwamu na Mmvita huongea wakaelewana vizuri, mpaka litokee neno ambalo kwa mmoja wao halina maana. Sheli nazo zina usanifu wake, POSIX, ambao sehemu yake ya sheli ilitolewa mwaka 1992, na gradlew limeandikwa kwa kuufuata usanifu huo. Maelezo yaliyo mwanzoni mwake yanasema wazi kwamba safu, zile orodha za Bash na wenzake, hazitumiki humo.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Bila safu, orodha ya maneno yanayofuata amri utaibebaje? Wengi huyaunga yote kuwa mfuatano mmoja wenye nafasi katikati, kisha inakuja folda iitwayo “Kazi za Juma”, inavunjika vipande vitatu. Gradlew linaishika orodha moja tu ambayo usanifu unaitoa bure: maneno yenyewe yaliyoletwa na amri, yanayoandikwa "$@".

Sasa tazama linavyofanya kazi ndani ya Cygwin, mazingira yanayoigiza Unix juu ya Windows. Kila njia ya faili lazima igeuzwe iwe ya namna ambayo Java ya Windows inaielewa, na mpangilio wa maneno usivurugike. Orodha ya pili ya kuyahifadhi haipo. Basi gradlew huizungusha ileile moja. Hulitoa neno la mbele, hulichunguza, hulitengeneza ikibidi, kisha hulipeleka mwisho wa foleni. Na hurudia hivyo mara sawasawa na idadi ya maneno. Mzunguko ukiisha, kila neno limerudi pale lilipoanzia, kama punje za tasbihi zilizopita zote vidoleni. Na halikurupuki kugeuza. Neno likianza na kistari, huliacha kama lilivyo. Likianza na mkwaju (/), kwanza huangalia kama ile folda ya mwanzo ipo kweli, kwa kuwa si kila kinachoanza na mkwaju ni njia ya faili. Nimesoma mistari hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma namstahi zaidi aliyeiandika.

Uangalifu huohuo uko sehemu nyingine. Kwenye orodha ya mifumo linayoitambua, pamoja na Cygwin na Mac, imo NonStop, kompyuta za taasisi kubwa ambazo wengi wetu hatutazigusa maishani. Kuna mtu aliyemkumbuka mtumiaji wa huko.

Mradi mpya wa Gradle huja pia na faili dogo la kuielekeza Git, programu inayotunza matoleo ya faili. Linaagiza mistari ya gradlew imalizike kwa herufi moja isiyoonekana, na ya faili za .bat kwa mbili, kama Windows ilivyozoea. Desturi ya mbili ilirithiwa kutoka mashine za teleprinta, ambako kurudisha kichwa cha kuchapia na kusogeza karatasi zilikuwa amri mbili tofauti. Ile ya ziada ikiingia kwenye mstari wa kwanza wa skripti ya Unix, mfumo hulalamika kwamba faili halipo, nawe unaliona mbele ya macho yako. Nimewahi kupoteza mchana mzima kwa herufi hiyo moja.

Nikairudia skripti yangu. Sed -i niliiondoa. Sasa sed inaandika kwenye faili la muda, kisha mv inalipeleka mahali pake. Kila jina la faili nikalifunga ndani ya alama za kunukuu. Nikamtumia tena mwenzangu. Folda yake ilikuwa na nafasi mbili kwenye jina, na ikapita.